Walii wa Ligala

Juma pili, tarehe 4, mwezi wa pili

Naandika ili hasira isipoe. Hasira ya mudomoni inakauka pamoja na mate, lakini ya kuandikwa unaikuta asubuhi palepale ulipoilaza. Shule niliachia mwaka wa sita, sawa, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anautembeza darasa kwa darasa watu wauone. Kwa hiyo mwenye diploma asinicheke.

Leo watu wa Atumani wamekuja kumuposa Lubna, binti ya marehemu kaka yangu. Kijana ana kazi Kigoma, anachoma mikate kwenye tanuru ya mujomba wake. Wamekuja kwa heshima, kofia zimenyooshwa, mpaka nyumbani, kwenye parsele ya shemeji Asiya, mama ya Lubna, hapa Buyenzi. Sisi upande wa binti tumepangwa kwenye viti. Nani amechukua neno? Si mi, baba yake mudogo. Ni Khaled, kaka ya Asiya, mwenye duka la piyesi, vipuri vya gari, mwenye nyumba Kibenga karibu na ziwa, mwenye viatu vya ncha, mwenye kunukia marashi mpaka nzi wanaomba radhi.

Desturi inataka kila mukubwa atajwe na kazi yake, ili wageni wajue wanaoa kwa watu gani. Khaled akaanza. Huyu anashona makanzu. Huyu anauza mbao. Huyu alikuwa karani bandarini. Akafika kwangu, akakohoa kama gari iliyokunywa maji.

"Na huyu ni shemeji Hamimu. Yeye... yeye anakaaka nyumbani tu."

Wakacheka. Si sana. Kicheko cha watu wenye adabu, kile cha kwenye pua, njo kibaya zaidi. Atumani akainamisha macho kwenye soda yake.

Mi! Mi niliyekuwa nafungua giaboksi ya Toyota macho yamefungwa kitambaa, nikitaja kila jino kwa jina la baba yake! Mi niliyeshusha Hiace kutoka Bugarama mpaka hapa bila breki, imejaa abiria na mbuzi, nikiisimamisha kwa kuwaimbisha watu waegemee nyuma wote pamoja! Eti anakaaka nyumbani.

Nimekula sambusa yangu mpaka mwisho. Lakini Mungu ni shahidi: neno hilo Khaled atalitapika.

Juma tatu, 5

Mvua. Neno bado liko.

Ijumaa, 9

Mungu halali! Leo baada ya sala sheikh alikuwa anafundisha mambo ya ndoa. Mi nilikuwa nyuma ya nguzo, usingizi unaninyemelea. Nikasikia: binti asiye na baba wala babu wala kaka, anayemuoza ni baba yake mudogo. Yeye njo walii. Mujomba apana. Mujomba hata akijenga musikiti kwa dhahabu, apana.

Nikaamka kama mutu aliyemwagiwa maji. Lubna hana baba. Babu yake tulishamuzika. Kaka hana, ni yeye na wadogo zake wa kike. Amebaki nani chini ya jua? Hamimu. Bila mudomo wangu, ndoa hakuna.

Basi nimeshajua nitakachofanya. Siku ya ndoa itafika, watu watakaa safu kwa safu, Khaled mbele na marashi yake. Sheikh atauliza, walii yuko wapi? Na mi nitakuwa wapi? Nitakuwa nimekaa. Si njo kazi yangu?

Nimerudi nyumbani bila kuikwepa mvua.

Juma tano, 14

Niandike na hapa tunapokaa, maana adui naye yuko hapahapa.

Ligala yetu, njo kijiwe, iko chini ya bati la garaji nilipofanya kazi zamani. Esansi, mafuta ya gari, ilipopotea mujini, magari yakalala, garaji ikafungwa, mwenyewe akauza mpaka jeki. Mwaka muzima nilizunguka kutafuta kazi, nikamaliza soli za viatu viwili. Halafu nikaacha. Mutu hawezi kubisha mulango uleule kila siku kama mwehu.

Pale tuna kiti cha nyuma cha Corolla, nilikitoa kwa mikono hii. Kinakaliwa na mi na Népomuscène, aliyekuwa mwashi mpaka simenti ilipopanda akashuka yeye. Kando iko tairi la lori, nje kidogo ya bati. Hilo la wageni. Sheria ya ligala: mugeni anaanzia tairini, na kiti hakikaliwi bila kukaribishwa.

Mbele yetu, ng'ambo ya njia, liko duka la Khaled. Namutazama kutoka asubuhi. Nani atanunua breki za gari isiyotembea? Yeye yuko kwenye stuli yake, sisi kwenye kiti chetu, tunatazamana. Yeye akikaa, yuko kazini. Mi nikikaa, nakaaka tu. Tofauti yetu ni mulango.

Alhamisi, 15

Hakuuza kitu.

Ijumaa, 16

Hakuuza. Alifuta vumbi.

Juma mosi, 17

Aliingia mutu dukani! Népomuscène akasimama kuona. Mutu alikuwa anauliza njia ya kwenda sokoni.

Alhamisi, 22

Népomuscène amekuja na habari ya redio. Kuna bwana mumoja amesema mushomeri ni yule anayetafuta kazi akakosa. Aliyeacha kutafuta hayumo, wala hesabu ya washomeri haimugusi.

"Kwa hiyo sisi si washomeri?" nikauliza.

"Apana. Tumeshatoka."

"Tumetoka tumeingia wapi?"

"Hakusema, sha. Batiri iliisha."

Tumecheka mpaka machozi. Lakini nimerudi nalo nyumbani, limenikaa kifuani kama ugali muzito. Hata kwa washomeri sina nafasi. Na Khaled, anayelala juu ya stuli mudomo wazi, huyo anaitwa mufanyabiashara.

Juma pili, 3, mwezi wa tatu

Shemeji Asiya alikuja na maandazi ya moto, kwa hiyo nilijua ametumwa au amejituma.

"Shemeji Hamimu, utanuna mpaka lini?"

"Nani amenuna?"

"Basi uso wako umevaa nini?"

Nikakamata andazi. Akaanza: Khaled hakukusudia, ulimi hauna mufupa, yeye njo anawalisha watoto wa kaka yako tangu kaka yako aingie kaburini.

"Mi pia ningewalisha," nikasema.

"Najua, shemeji. Lakini ile 'ningewalisha' hatujaipika ikaiva hata siku moja."

Akafunga kitenge chake akaenda. Maandazi nimeyala yote, na kila moja lilikuwa na mufupa. Sasa neno la Khaled limezaa. Nalo la Asiya nitalilipiza kwa Khaled, maana ni yeye aliyelipanda.

Juma nne, 12

Mufungo umeanza. Tumbo limefunga. Hasira haikufunga, inakula muchana mbele za watu.

Juma tatu, 25

Mvua haijui kuchoka. Ziwa limepanda. Wanasema Kibenga maji yameingia njiani, yameingia kwenye maua, na leo yameingia sebuleni kwa Khaled. Alifungua duka saa ya adhuhuri, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu vya ncha vimevimba kama samaki wa juzi.

Nikaona mulango wa Mungu uko wazi, nikaingia.

"Hamujasikia?" nikawaambia watu wa ligala. "Kiboko aliingia na yale maji. Akapanda kwenye kochi la Khaled. Khaled amewasha taa anamukuta amekaa, rimoti ya televisheni mudomoni, anatafuta mechi. Khaled akasema, toka! Kiboko akasema, mi ni mugeni, kwanza taja kazi yako."

Népomuscène alianguka chini ya kiti. "Na mufungo wako, Hamimu?"

"Kiboko hakufunga."

Juma tano, 27

Kiboko ametembea. Leo nimemusikia kwa muuza nyanya, na pale ameshakuwa wawili, bibi na bwana, na wamelala kitandani mwa Khaled. Watoto wakipita mbele ya duka wanaguna puani kama viboko. Khaled anashusha macho. Najua kicheko cha puani kinavyouma. Alinifundisha nani? Yeye.

Juma tano, 10, mwezi wa ine

Idi. Kwenye sala Khaled alinipa mukono. Nikampa wangu, lakini si wote.

Juma nne, 16

Leo duka la Khaled halikufunguliwa.

Juma tano, 17

Halikufunguliwa.

Ijumaa, 19

Limefunguliwa, lakini si na yeye. Wamebeba mashelfu, breki, mikanda, kila kitu, mukokoteni baada ya mukokoteni. Khaled alisimama pembeni kama mutu anayesindikiza jeneza la mutu asiyemujua vizuri. Saa kumi ameingia mama mumoja anaitwa Orlane, kutoka Musaga, na magunia ya viatu vya mitumba. Saa kumi na moja duka lilikuwa limejaa watu. Njo hivyo: muji bila esansi unatembea kwa muguu, na muguu unataka kiatu. Miaka yote Khaled ana duka, hakuliona hilo. Mi pia sikuliona, lakini mi sina duka.

Alipopita mbele yetu hakusalimu. Nikamuitia, sauti ya kusikika mpaka Kigobe: "Shemeji! Sasa unaenda wapi?"

Akaongeza mwendo. Nimekula vizuri.

Juma nne, 23

Lazima niandike polepole leo.

Lubna alikuja ligalani. Mabinti hawaji ligalani. Watu wote wakakumbuka ghafula kazi walizokuwa hawana, wakaondoka, hata Népomuscène. Akakaa kwenye tairi. Nikamwambia njoo kwenye kiti, akasema apana, hapa panatosha.

"Baba mudogo, wanasema siku ya ndoa hutakuja."

"Nani anasema?"

"We. Kila siku. Mpaka muuza nyanya anajua."

Nikatazama juu kwenye bati.

"Siku ile mujomba alipolisema lile neno," akasema, "nilikuwa nyuma ya pazia, nimebeba sahani. We uliona amekupiga we peke yako. Mi niko na diploma ya hesabu kwenye sanduku mwaka wa tatu. Nilitafuta kazi mpaka mapokezi wakanizoea, wananiuliza habari za nyumbani. Mwisho nikaacha, kama we. Mi pia nakaaka nyumbani, baba mudogo. Neno lilipita kwako likanipata mi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miezi yote nimelibeba neno kama mali yangu.

"Kigoma wanataka mutu wa kushika hesabu za tanuru," akasema. "Bibi ya Atumani, njo mi, atakuwa huyo mutu. Ndoa na kazi, siku moja. Ndoa ni Ijumaa ya tarehe tatu, na Juma mosi Atumani anarudi, ruhusa yake imeisha. Tusipofunga Ijumaa, anaenda peke yake, na tanuru haitaningoja."

"Mambo yangu ni na Khaled. Si na we."

"Basi usinifanye fimbo ya kumupigia."

"Fimbo haiumii."

"Fimbo inavunjika, baba mudogo."

Akasimama, akakung'uta kitenge. Halafu akasema, kama mutu aliyesahau kitu kidogo: "Na bibi ya mujomba haendi tena sokoni. Kwa sababu ya kiboko."

Nikainama nikafuta tope kwenye kiatu. Niliogopa nikijibu nitakubali.

Juma tano, 24

Mvua.

Juma pili, 28

Nimelisoma tena neno la tarehe 4 mwezi wa pili. Bado linachoma. Sawa.

Juma tano, 1, mwezi wa tano

Siku kuu ya wafanyakazi. Watu wamepita na sare zao wakienda kuandamana mujini, mabenki, mahospitali, walimu, mabango mbele. Sisi ligala tumeandamana kutoka kwenye kiti mpaka kwenye tairi na kurudi. Népomuscène amebeba ufagio kama bendera. Nimetoa hotuba, watu wamepiga makofi mpaka Orlane ametoka dukani kuona.

Mwaka jana Khaled alitembea mbele ya wafanyabiashara, suti nyeupe, nilimuona mwenyewe. Leo alikuja akasimama njiani. Upande ule mabango, upande huu ligala. Hakujua asimame wapi. Alibaki katikati mpaka taksi-velo, baiskeli ya abiria, ikamupigia kengele.

Ilikuwa siku yangu ya kufurahi. Nilifurahi. Lakini furaha yenyewe ilishuka kama ugali bila muboga.

Ijumaa, 3

Nilivaa ovaroli. Kwa makusudi. Ile ya garaji, yenye mafuta ya injini za watu waliokufa. Watu wote wa Buyenzi wamepita na makanzu meupe kwenda musikitini, na mi nimekaa kwenye kiti cha Corolla, miguu imenyooshwa, mvua inapiga bati.

"Utakosa pilau," Népomuscène akasema. Yeye ni mukristo, lakini pilau anaifahamu.

"Pilau itanikosa mi."

Sala ikaisha. Tukangoja vigelegele, havikuja. Halafu nikamuona Khaled anakuja kwa muguu, kanzu imeinuliwa, viatu vya ncha mukononi, matope mpaka magotini. Miezi mitatu niliingoja picha hiyo. Niliitazama polepole, kama mutu anayemenya chungwa.

"Shemeji," akasema. "Watu wanangoja."

"Mi nakaaka nyumbani."

"Hapa si nyumbani."

"Asiye na kazi, popote ni nyumbani."

Ligala ikacheka. Kwa puani, kama nilivyowafundisha. Khaled akafuta uso kwa mukono. Sikuona kama ni mvua peke yake.

"Mi nimetumwa kuuliza tu," akasema. "Sheikh amesema walii akijificha bila sababu, sheria inamuruhusu kufungisha yeye mwenyewe. Anangoja jibu lako. Hakungoji we."

Akageuka akaenda.

Népomuscène akatikisa kichwa.

"Yampayinka, Mungu wangu, Hamimu. Ni kama garaji tu. Wameshapata mwingine wa kushika nafasi yako."

Hapo njo nilielewa. Nilifikiri nimeifunga ndoa kwa kufuli, kumbe mulango una funguo mbili. Kazi zote zilinitoka: garaji, Hiace, hata ushomeri wenyewe ulinitoka. Ilibaki moja chini ya jua, ya dakika mbili, na Mungu aliiandikia jina langu. Na mi nimekaa kwenye kiti, naiachia kwa miguu yangu miwili mizima. Kesho Khaled akisema Hamimu anakaaka tu, nitamwambia nini? Atakuwa amesema kweli.

Nilikimbia. Waliokuwepo watasema nilikimbia kama muzee. Waongo. Nilikimbia mpaka mvua ikawa inaanguka nyuma yangu. Nilimupita Khaled kwenye kona ya soko, nikamumwagia matope, na hayo matope nakiri niliyapima.

Nikaingia musikitini, sheikh alikuwa ameshafungua mudomo.

"Walii yuko hapa!"

Wakageuka wote. Mutu wa ovaroli nyeusi kati ya makanzu meupe, anadondoka maji. Kijana mumoja akataka kucheka, mukubwa akamukanyaga. Mutu akanitupia kanzu kavu, nikaivaa juu. Nikakaa, nikashika mukono wa Atumani. Mukono una makovu ya tanuru mpaka kwenye kiwiko. Mukono wa kazi. Nikasema maneno kama sheikh alivyonitangulia, neno kwa neno, sauti ikanipotea katikati, nikaitafuta, nikaipata. Nyuma ya pazia vigelegele vikapanda juu ya mvua.

Lakini haijaisha. Kwa Asiya, kabla ya pilau, neno sasa lilikuwa langu, maana walii njo musemaji. Nikasimama na kanzu ya kuazima kuwatambulisha wakubwa wetu. Huyu anashona. Huyu anauza mbao. Huyu alikuwa karani bandarini. Nikafika kwa Khaled.

"Na huyu ni Khaled."

Neno lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, nimelinoa tangu mwezi wa pili. Nyumba nzima ililijua. Bibi yake alikuwa mulangoni, amefunika uso nusu. Khaled alitazama magoti yake, jasho linamutoka na ilikuwa baridi. Nikaona shingo yake inangoja kama ya kuku. Lubna alikuwa ndani ya mavazi yake ya harusi, ananitazama mi, si yeye.

Niliacha kimya mpaka pilau ikaacha kutoa moshi.

"Mujomba ya bibi harusi," nikasema, nikakaa.

Sijawahi kula chakula cha baridi kitamu namna ile.

Juma mosi, 4

Wameenda. Lubna alinibusu mukono akasema, "Nitakuletea mukate." Nikamwambia kule Kigoma mi niliwahi kuoka mukate wa urefu wa gari la moshi. Akasema anajua.

Juma tatu, 6

Kibenga maji hayajatoka. Khaled na bibi na watoto wamehamia kwa Asiya, wanalala chumba kilichokuwa cha Lubna. Saa ine asubuhi alikuja. Bila marashi. Alisimama mbele ya ligala kama mutu aliyesahau alichotumwa dukani.

Népomuscène akaanza kusogea, nikamufinya paja, akaacha.

"Shemeji," Khaled akasema. "Siku ile ungeweza kulisema."

"Ningeweza."

"Ungekosea. Sasa hata nyumbani sina pa kukaa."

Nikatazama ng'ambo, viatu vya Orlane vimening'inia kwa kamba mulangoni palipokuwa pake. Nikanyoosha kidole, nikamuonyesha tairi.

Akakaa.

Mvua ikaanza. Tairi liko nje ya bati, kila mutu analijua hilo. Tone la kwanza lilimuanguka shingoni. Akatazama nafasi iliyobaki kwenye kiti, kati yangu na Népomuscène, inatosha mutu. Akanitazama. Nikakohoa, nikanyoosha miguu, nikaanza ile hadithi ya Hiace ya Bugarama, tangu siku niliyoinunulia tairi, abiria mumoja mumoja na jina lake, mbuzi mumoja mumoja na rangi yake.

Alisikiliza. Alilowa mpaka mifupa, hakuondoka. Tulipofika kwenye kuimba, aliegemea nyuma pamoja na abiria.

Kesho nitamukaribisha kwenye kiti. Kesho, si leo.